Shabiki wa klabu ni anayejaza kibanda kila wiki, au anayekwenda uwanjani?

Mkazi_Walukuba:
Habari zenu wana jukwaa. Nina jambo nataka tulizungumze bila matusi.

Hapa Jinja kila Jumamosi vibanda vya kuonyeshea mpira wa Ulaya vinajaa. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki mechi za siku, saa na kiingilio. Mtu analipa, anabanwa kwenye benchi la mbao na jezi yake ya Arsenal au Man U, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Timu yetu ya Gaddafi wakicheza hapa hapa mjini, mwendo mfupi wa boda, jukwaa lina watu wa kuhesabika. Ukimuuliza yule wa jana kwa nini hakuja, anakwambia ligi yetu haina mpira.

Msimamo wangu: huyo si shabiki wa klabu, ni mtazamaji. Pesa yake haifiki London, inaishia kwa mwenye kibanda na mwenye dekoda. Akihama leo akawa Chelsea, Emirates, uwanjani kwa Arsenal, hakuna anayejua. Kwenye mechi ya Gaddafi asipoonekana, pengo lake linaonekana kwa macho. Shabiki ni mtu ambaye klabu inapungukiwa asipokuja.

Nipingeni kwa hoja.

Gunner_Bugembe:
Jirani yangu kabisa, na nakupinga asubuhi na mapema. Mimi ni Arsenal tangu enzi za Kanu. Mwaka 2004 walichukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, nikadhani maisha yatakuwa hivyo. Tangu hapo mpaka msimu wa 2024/25 umekwisha, hakuna ubingwa mwingine wa ligi. Nimepigwa 8-2 Old Trafford 2011. Bayern wametupiga tano nyumbani na tano ugenini 2017. Kazini Jumatatu nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma. Sijahama.

Kisha kumbuka Januari 2023, hapa hapa Jinja, wenzetu walikamatwa na polisi kwa kutembea mjini na kombe baada ya kumfunga Man U 3-2. Mtu anayepandishwa gari la polisi kwa ajili ya timu yake, unamwita mtazamaji?

TaiMwekundu:
Kombe la nini Januari? Ligi iliisha Mei na City ndio wakabeba.

Gunner_Bugembe:
@TaiMwekundu furaha haisubiri Mei. Wewe wa Express nyamaza, umeshiba ubingwa wa 2021.

Jogoo_Nakivubo:
Salaam. Gunner amenigusa kwa huo mwaka 2004, maana ni mwaka wetu pia. SC Villa tulichukua ubingwa wa 16 mwaka 2004, halafu pakakauka. Wa 17 tumeupata 2024, chini ya kocha Dušan Stojanović. Miaka ishirini, sawasawa na kiu ya Arsenal, na kwa hiyo naweza kupima kiu hizo mbili nikiwa nimekunywa moja.

Tofauti ni hii. Arsenal iliposhindwa kuchukua ubingwa ilibaki na uwanja, mishahara, Ulaya. Villa tulikuwa hatujui wiki ijayo tunacheza wapi kama nyumbani: mara Masaka, mara Bombo, mara Wankulukuku. Kuna msimu tulinusurika kushuka daraja ukingoni kabisa. Migogoro ya uongozi hata sitaki kuianza. Na bado kila tulikohamia, wale wazee wenye kofia za bluu walikuwepo, wanauliza geti liko upande gani.

Mimi marehemu baba ndiye aliyenipeleka Nakivubo 1991, fainali ya klabu bingwa Afrika, marudiano na Club Africain. Tunis walikuwa wametupiga 6-2, kwa hiyo kila aliyeingia uwanjani siku ile alijua kombe limeshakwenda. Lakini uwanja ulijaa. Nilikaa begani kwa baba nikamwona mshambuliaji wetu Magid Musisi kwa macho yangu. Tulitoka 1-1 na watu waliimba mpaka njiani kuelekea Kisenyi. Nadhani hapo ndipo penye jibu: kwenda ukijua huna cha kupata. Klabu ya kwanza ya Uganda kufika fainali ya Afrika, na sisi tulikuwepo.

Afande_Mstaafu:
Jogoo, umeandika vizuri ila rekebisha hapo. Klabu ya kwanza ya Uganda kufika fainali ile ni Simba, timu ya jeshi, mwaka 1972, ikafungwa na Hafia ya Conakry. Villa ni ya pili.

Jogoo_Nakivubo:
@Afande_Mstaafu asante mzee, imeingia.

Kasasiro_Lugogo:
Mkazi_Walukuba, hoja yako ina tundu na sijui kama umeliona. Angalia ligi yetu ni ya nani. URA ni ya mamlaka ya mapato. Police ya polisi. UPDF ya jeshi. Maroons ya magereza. NEC ya shirika la jeshi. BUL ya kampuni. Sisi KCCA ni wa halmashauri ya jiji. Hiyo Gaddafi unayotuitia ni ya kambi. Nisipokwenda Lugogo, uwanjani kwetu, mshahara wa wachezaji unatoka vilevile kwenye bajeti. Ukisema shabiki ni mtu ambaye klabu inapungukiwa asipokuja, basi klabu nusu ya ligi hii hazina shabiki hata mmoja, kwa sababu zimejengwa zisimhitaji.

Na hilo ndilo linalowafukuza watu, sio kwamba ligi haina mpira. Mtu anataka kuingia mahali ambapo neno lake lina uzito. Huna kadi, huna mkutano mkuu, huna kura, halafu unalaumiwa kwa kutokuja.

Mimi naenda, tena kwa moyo. Mei 2018 tulimfunga Al Ahly 2-0 Namboole na nilikaa pale mpaka taa zikazimwa. Lakini siwezi kumhukumu anayebaki nyumbani.

Afande_Mstaafu:
Kijana, kambi ni mtaa pia. Watu wanazaliwa kambini, wanasoma kambini, wanaoana kambini. Mimi nimekulia kwenye nyumba za askari magereza Luzira, na Maroons ilikuwa ni baba zetu na kaka zetu wakubwa uwanjani. Askari aliyemfungulia mtu lango asubuhi, jioni anafunga goli. Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata kando ya uwanja ule. Usiseme hatuna mashabiki kwa sababu timu ina mwajiri.

Kasasiro_Lugogo:
Nakubali kwa Luzira. Sasa nionyeshe mtaa wa URA.

Afande_Mstaafu:
Hapo sina jibu.

Kiwavi_Arua:
Habari za jioni. Naona mnazungumza kama vile mpira wa Uganda unaishia Kampala na Jinja. Tuje Arua kidogo.

Onduparaka ilipanda Ligi Kuu 2016 ikiwa klabu changa, haijafika hata miaka kumi. Si ya wizara, si ya kampuni, ni ya watu. Mechi za nyumbani Green Light watu walipanda mpaka kwenye miti. Mechi za ugenini ndizo ambazo wengi wenu mlituona. Basi linatoka Arua jioni, Pakwach mnavuka Nile, usiku mko Karuma, alfajiri mnaingia Kampala mkiwa mmekaa wawili wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, ngoma imewekwa katikati ya njia na hakuna anayeruhusiwa kuilalia. Karibu kilomita 500 kwenda, na nyingine hizo kurudi usiku uleule kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Tulikuwa tunaingia viwanja vya Kampala tukiimba Kilugbara kwa sauti, na watu wa West Nile wanaoishi kule, walinzi, wapishi, wanafunzi, wauza nguo, walikuwa wanatukuta getini. Kwa siku hiyo jiji lilikuwa letu.

Kwa hiyo kwangu mimi si mpira peke yake. Mtu anakuwa mwaminifu kwa klabu inayombeba yeye mwenyewe na kwao.

Lakini niseme na upande wa pili kwa sababu inaniuma. 2021 Arua Hill nao wakapanda, walikuwa na uwanja wa Barifa, walikuwa na pesa, na baadhi ya wale tuliolala nao kwenye basi wakahamia kule. 2023 Onduparaka tukashuka daraja. Waliobaki ni wachache, nawajua kwa sura. Waliohama nawauliza kwa nini, wananijibu: "Si zote ni za Arua?" Na kwa hoja yangu mwenyewe ya hapo juu, siwezi kuwapinga kirahisi. Kama nilipenda kwetu, kwetu hakujahama. Kama nilipenda klabu, basi wao wamesaliti. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na bado linanisumbua.

Gunner_Bugembe:
@Kiwavi_Arua hapo kwenye ngoma isiyolaliwa umenimaliza. Heshima.

TaiMwekundu:
Kiwavi, ngoja nikusaidie kutoka upande wa Wankulukuku, kwetu Express. Express ilipigwa marufuku na serikali ya Amin mwaka 1977. Klabu haipo kabisa. Huna jezi, huna mechi, huna ratiba. Wazee wetu husimulia kwamba kuna waliohamia upande wa Villa kwa sababu mtu anataka mpira, na kuna waliokaa bila timu mpaka klabu iliporudi. Kwetu sisi hao wa pili ndio kipimo. Klabu ikishuka daraja bado ipo, unaweza kwenda kuitazama. Hao walikaa na jina tu.

Jogoo_Nakivubo:
Na waliohamia kwetu waliona mwanga.

TaiMwekundu:
Waliona taa ya jirani, wakasahau kwao. 😀

Kitende_Nyoka:
Mko vizuri wakuu. Mnapenda kutucheka Vipers kwamba mashabiki wetu ni wanafunzi. Ndiyo, uwanja uko ndani ya shule ya St Mary's Kitende, na mtoto anayeanza senior one pale anaimba Vipers mpaka amalize senior six. Wengine wanatoka hapo wanakwenda Mbarara, Gulu, Dubai, bado wanaimba. Baba wa Jogoo alimbeba begani, mimi nilibebwa na shule. Tofauti ni nini?

Mnatuambia hatuna historia kwa kuwa mpaka 2012 tuliitwa Bunamwaya. Lakini sisi ndio klabu ya kwanza ya Uganda kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya kumtoa TP Mazembe kwa penalti, kwake Lubumbashi.

Kasasiro_Lugogo:
Mazembe mlimtoa, hiyo ni yenu na ni kubwa. Lakini wa kwanza kuingia makundi ni KCCA, 2018. Hiyo mechi ya Al Ahly niliyoitaja hapo juu ilikuwa ya makundi. Soma uzi kabla ya kuandika.

Dereva_Malaba:
Kitende, msimu huo wa Mazembe ndio kocha wenu Robertinho aliondoka Januari akaenda Simba ya Tanzania, halafu mkapangwa na Simba kundi moja, mkafungwa 1-0 kwenu na 1-0 Dar. 😀

Mimi ni dereva wa lori, leo Malaba, wiki ijayo Mutukula, kwa hiyo sina uwanja wa nyumbani. Nilianza kuifuata Simba ya Dar kwa sababu ya mtoto wetu Emmanuel Okwi. Mwisho wa 2013 akasaini Yanga. Wenzangu wa barabarani walinitazama kuona nitafanyaje. Nikajikuta natamani Okwi acheze vizuri na Yanga ifungwe, vyote viwili kwa wakati mmoja. Hapo nikajua mimi ni wa Simba. Msimu wa 2017/18 yuko tena Simba, mfungaji bora wa ligi na mabao 20, na nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa ndugu.

Mchezaji akiondoka ndipo unajijua. Kabla ya hapo hata wewe mwenyewe hujui.

Kasasiro_Lugogo:
Hiyo nakuunga mkono dereva. Allan Okello tumemlea Lugogo, akaenda Algeria kwa Paradou, akarudi Uganda kuvaa jezi ya Vipers. Bado nampenda yule kijana. Vipers hapana.

Mama_Bombo:
Asalaam aleikum. Nimesoma uzi wote na hakuna hata mmoja aliyemtaja mwanamke, kwa hiyo naingia.

Uwanja mmoja ninaokwenda, sitautaja, choo cha wanawake kilikuwa kimefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo hajulikani. Tulikuwa wanawake wengi, tumelipa kiingilio sawa na wanaume, na dakika tisini ni ndefu. Wasichana wawili waliondoka kabla ya mapumziko na sijawaona tena. Hao mtawaita si waaminifu? Nyinyi mnapima uaminifu kwa nani amekaa mpaka mwisho, na hamuulizi nani ameruhusiwa kukaa.

Kibandani nako hivyo hivyo. Pamebanwa, giza, kila mtu anakugusa anapita. Mimi naangalia Liverpool nyumbani kwa simu na wanangu, na redio ya Cranes, timu yetu ya taifa, iko mezani. Sijawahi kukosa mechi ya Cranes tangu bao la Farouk Miya dhidi ya Comoros 2016, lile lililoturudisha AFCON baada ya kukaa nje tangu 1978. Hakuna uwanja unaojua kama nipo. Je, Mkazi_Walukuba, mimi ni mtazamaji?

Mkazi_Walukuba:
Mama shikamoo. La, wewe siwezi kukuita hivyo. Lawama hapo ni za mwenye uwanja. Lakini naomba nieleweke: ninayemsema ni yule anayeweza kuja, hana kizuizi, na hataki.

Mama_Bombo:
Marahaba mwanangu. Basi badilisha kichwa cha uzi, maana hukuandika hivyo.

Mwalimu_Tororo:
Niongeze upande wa historia kidogo. Wakati ligi yetu inajaza Nakivubo, hapakuwa na kitu kingine cha kushindana nayo. Ulikuwa na redio, na wikendi kwenye televisheni ya taifa labda dakika chache za soka la Ujerumani. Dishi zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, mtoto wa Tororo akaanza kuona Old Trafford vizuri kuliko anavyoona uwanja wa wilaya yake. Kamera nyingi, marudio, mchambuzi wa kumwelezea. Yule mtoto sasa ana miaka 35. Hakuchagua kuidharau Villa, hakuwahi kuionyeshwa. Darasani kwangu wapo wanaoweza kutaja kikosi cha Man City na wachezaji wa akiba, lakini hawajui Phillip Omondi ni nani, wakati uwanja wa Lugogo una jina lake.

Kwa hiyo sidhani ni suala la tabia ya mtu. Ni suala la kilichokuwa mbele ya macho alipokuwa mdogo.

Jogoo_Nakivubo:
Mwalimu, halafu mbona wapo waliokulia kwenye dishi hilohilo na wako jukwaani Villa? Mwanangu mmoja ni wa hivyo. Maelezo yako hayamfikii.

Mwalimu_Tororo:
Yeye alikuwa na wewe.

Kabalagala_77:
Sikutaka kuandika, lakini neno "mtazamaji" linavyotumiwa hapa limenikaa vibaya.

Julai 2010 nilikuwa naishi Kabalagala. Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka mgahawa wa Ethiopian Village na klabu ya raga ya Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Walikuwa wanatazama mpira wa nchi mbili ambazo wengi wao hawakuwahi kufika. Walikaa pamoja, wenyeji na wageni, kwa ajili ya mpira. Kutazama pamoja na watu kuna uzito wake. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kibandani hakuna ushabiki, ni kelele tu, nakataa.

Mkazi_Walukuba:
@Kabalagala_77 pole sana ndugu. Nimekusikia. Sikusema hakuna uzito, nimesema si ushabiki wa klabu. Lakini neno lenyewe nitaliacha.

Bwera_Mpakani:
Salaam kutoka mpakani Kasese. Mnazungumza dishi na historia, mmesahau mikeka ya kubeti. Kibanda cha kwetu nusu ya watu hawatazami timu, wanatazama mkeka. Jirani yangu ana Man U kwenye jezi, kwenye kifuniko cha simu, kwenye kioo cha pikipiki. Msimu wa 2024/25 walipokuwa wanaelekea nafasi ya 15, akaanza kuweka pesa wafungwe. Anasema anajiliwaza: wakifungwa anapata hela, wakishinda anapata furaha. Huyo yuko upande gani?

Gunner_Bugembe:
Huyo hana timu. Mimi siweki pesa kabisa mechi ya Arsenal, si kushinda wala kufungwa.

Dereva_Malaba:
Nampinga Gunner. Mtu ana watoto, anajua timu yake mbovu, anatumia anachokijua. Moyo ni wa kwake, mfuko ni wa familia.

Kiwavi_Arua:
Siku akiweka pesa timu yake ifungwe, goli la dakika za mwisho likiingia atapiga kelele gani? Mwili utamsaliti tu. Mimi nimeona mtu Green Light anajaribu kuficha furaha kwa sababu ya mkeka, akashindwa, akaruka, halafu akakaa chini anahesabu alichopoteza.

Bwera_Mpakani:
Basi kwa hoja yako huyo bado ni shabiki, maana aliruka.

Kiwavi_Arua:
Aliruka, ndiyo. Lakini mechi iliyofuata hakuja.

Kitende_Nyoka:
Swali la pembeni: mtu kubadilisha klabu ni dhambi mpaka lini? Mtoto wa miaka minane akihama tunamsamehe? Wa kumi na tano je?

TaiMwekundu:
Kabla ya kuota ndevu ruhusa. Baada ya hapo hapana.

Mama_Bombo:
Na sisi tusioota ndevu?

TaiMwekundu:
Mama, nyinyi mna ruhusa ya kuja Wankulukuku wakati wowote, na choo nitakifuatilia mimi mwenyewe kwa viongozi wa tawi letu. Hilo nimelichukua.

Mkazi_Walukuba:
Mimi bado nasimama: anayeweza kuja na asije, klabu si yake. Kasasiro, lile tundu lako la bajeti nimelifikiria tangu jana. Mshahara unatoka, kweli, lakini kijana wa miaka kumi na tisa anayecheza mbele ya viti vitupu anaondoka nchini ofa ya kwanza ikija. Hicho ndicho kinachopungua. Niambie kama nakosea.

Kasasiro_Lugogo:
Ofa ikija anaondoka hata viti vikijaa, ndugu yangu. Okello aliondoka Lugogo tukiwa tunamwimba. Wanaondoka kwa sababu ya hela. Leta hoja nyingine.